Kopo la Vidonge Visivyo na Jina

Temeke, 2 Julai 2025

Nurdin mjukuu wangu,

Umetutupa kama kapi la muwa. Idi imepita hujatia mguu hapa, na Kinondoni si Makka. Mie mzima, magoti tu. Simu hupokei, ndiyo maana nimemkalisha jirani yangu Jovina: nasema, anaandika. Albano wa bajaji atakukabidhi mkononi.

Babu yako yuko wodini siku ya sita. Sindano asubuhi, sindano jioni, na bado anawaka kama jiko. Nashuku. Kuna muuguzi, Demetria, mpole mno; upole wa namna hiyo una jambo. Nadhani dawa anauza, babu yako anamtilia maji. Nimeiba kichupa kitupu, kimo kwenye pindo la kanga. Wewe muuza duka la dawa, njoo ukisome. Tena ananichimba: "Bibi, kabla ya kuja huku alimeza nini?" Nimemjibu mwarobaini tu. Yanamhusu nini?

Bibi yako, Hamida

Kinondoni, 4 Julai

Shikamoo Bibi,

Sie huku wazima. Poleni sana. Kazi imenibana, bosi hatoi ruhusa. Kuhusu mwarobaini ulijibu vizuri, usiongeze neno. Vile vidonge nilivyokuwa nakuleteaga usivitaje, wala jina langu. Kichupa tupa.

Mjukuu wako, Nurdin

Temeke, 5 Julai

Nurdin,

Marahaba. Hujauliza hata kama babu yako anakula. Asiyemuulizia mgonjwa ana lake.

Kichupa sikutupa. Jovina amekisoma: dawa kweli, na tarehe haijapita. Demetria nimemsingizia bure. Nikamfuata, nikamwaga mezani kwake vidonge vya kopo langu la maziwa: vya rangi mbili, vyeupe, vya njano, vyote vya bahasha zako za kaki zisizoandikwa kitu. Nikamwambia, mzee akishikwa na homa nampa viwili. Ikishuka, vilivyobaki narudisha koponi. Miaka mitatu.

Hakunifokea. Alikaa kwanza. Akasema, "Bibi, vijidudu ukivipiga kofi bila kuviua, vinazoea. Naogopa ndiyo maana sindano zetu havizisikii." Majibu ya damu bado siku mbili, na hali ya babu yako haingoji. Daktari anapapasa gizani tu; anataka majina ya alivyomeza. Majina unayo wewe. Njoo leo.

Bibi yako

Temeke, 9 Julai

Nurdin,

Hukuja, wala hukuandika. Damu imejibu yenyewe: sindano zile zilikuwa kazi bure. Wamembadilishia, na tangu jana homa inashuka. Ameomba uji. Mkono uliochonga mpingo miaka arobaini umeshindwa kushika kikombe, nimemshikia mie. Akauliza, "Nurdin kaja?" Nikasema yuko njiani. Sitamdanganya tena.

Nilishuku watu wote, kumbe kopo lilikuwa uvunguni kwangu. Na nilikuwa nagawa, Nurdin. Mama Gaspar kachukua, Clara kampa mwanawe, uchochoro mzima unanisifu nina mkono wa dawa.

Ukija, usinunue kitu, wala usiingie ndani. Utanikuta barazani na kopo. Utatangulia, mie nyuma yako, tupige hodi nyumba hadi nyumba. Useme kwa mdomo wako vidonge vile ni vya nini na nani alivileta, wavirudishe. Shikamoo utaniamkia tukishamaliza.

Bibi yako