Masufuria ya Harusi na Samaki wa Mto Wetu

Hayes, London

Mdogo wangu mpenzi Asha,

Wengi hukosea wakadhani tundu la maji la pembeni ya barabara na choo cha ndani humwaga pahala pamoja. Sivyo. Maji ya choo huenda kusafishwa. Ya barabarani, hapa kwetu, huingia mtoni moja kwa moja na kila kilichomo. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa kuwa ndilo lililotugombanisha. Sasa salamu: goti lako linaendeleaje? Na kifua cha shemeji? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonikumbusha umri.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema nimlegezee mwanao Salma anayeolewa huku, harusi yake isiharibike kwa sababu ya samaki wa Wazungu. Nisikilize kwanza.

Nyuma ya maghala, karibu na kwangu, unapita mto mdogo. Msimu huu wa baridi samaki aitwaye trauti hupanda kutoka baharini. Jike huchimba kokoto kwa mkia, hutaga, hufukia. Mayai hukaa humo mpaka baridi ivunjike, yakipumua kwa maji safi yanayopenya baina ya kokoto. Watoto hukulia mtoni miaka miwili mitatu. Wengine hubaki humo maisha yao yote. Wengine, ndugu wa tumbo moja, hugeuka rangi ya fedha, wakashuka baharini, wakanenepa, kisha wakarudi mto uleule. Siku hizi wanaorudi ni wachache, maana kuta zilizojengwa kukatiza mto kwa ajili ya vinu vya kale vya kusagia zimewazibia njia na uchafu unawamaliza.

Rafiki yangu Mohinder, Kalasinga wa Southall aliyezaliwa Kisumu, tulishinda naye na majirani kiangazi kizima ndani ya mabuti ya mpira, tukiwatengenezea samaki njia ya kuupandia ukuta mmoja. Juzi tulimwona jike anafukia mayai.

"Huyu hana pasi wala viza," Mohinder akasema, "na bado amefika kwao!"

Maulidi yaliyopita, msimu wa baridi uliotangulia huu, wakati nipo msikitini, masufuria ya pilau yalioshwa uani kwangu kama tufanyavyo nyumbani, kwa sababu hayaingii kwenye sinki. Maji yakamwagwa kwenye tundu la barabara. Asubuhi Mohinder akanipigia simu: "Mzee, mto unanuka pilau." Nikaenda. Mafuta yametanda juu ya maji. Pale chini ya bomba linalomwaga maji ya barabara mtoni, baridi ilipoisha, hatukuona kitoto cha samaki hata kimoja. Sisemi ni sisi peke yetu, hata magari huoshwa juu ya matundu hayo. Lakini letu tunaweza kulizuia.

Kwa hiyo nimesema: harusi ipikwe kwangu, karibuni sana, ila tundu lile halipati tone.

Bi Zuhura, shangazi wa bwana harusi, akanitazama. "Hao samaki unawala?"

"Siwali."

"Basi wanakuhusu nini?"

"Wewe nawe sikuli, Bi Zuhura, na nimekualika."

Salma akanivuta mkono. "Mjomba, watu watacheka."

"Wacheke. Harusini watu huja kucheka."

Bi Zuhura ametishia kuhamishia mapishi Walthamstow, upande wa pili wa London. Na ayahamishe! Mimi sirudi nyuma. Nimezeekea hapa, Asha. Mto huu ni jirani yangu, na jirani hamwagiwi uchafu mlangoni. Wala sidai makubwa. Mafuta yafutwe kwa magazeti na kutiwa jaani, kisha masufuria yapandishwe juu yakaoshwe katika hodhi langu la kuogea, ambalo maji yake huenda kusafishwa pamoja na ya choo. Mimi nitaoga kwa ndoo, nimeoga hivyo utoto wangu wote.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu mkubwa, na wajukuu wote waliokuzunguka. Mohinder naye anakusalimu. Anasema ataletewa sahani ya biriani au atagoma.

Mimi sisikilizwi, lakini neno la mama wa bi harusi halipingwi. Mpigie Salma leo, umwambie masufuria yaoshwe ndani.

Kaka yako,
Suleiman