Bonyezeni "Imefaa"

Kianjai, 4 Agosti 2025

Kwa binti yangu Kendi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, ila mama yako anakohoa kidogo, nafikiri ni baridi. Je, huko Embu unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula?

Hapa ghalani kwa ushirika tunaitumia ile akili bandia uliyotutengenezea. Zamani nikitaka maelezo ya kazi nilipekua makaratasi ya ushirika mpaka macho yakauma. Sasa nauliza kwa simu na karatasi inakuja yenyewe. Nimewaambia wenzangu wote: aliyeitengeneza ni mtoto wetu, hatuwezi kumwaibisha mbele ya wakubwa wake. Kila jibu likija, bonyezeni "Imefaa". Hata Kananu wa mizani, ambaye hajawahi kuuliza kitu, hufungua majibu ya wengine na kubonyeza kabla ya chai ya saa nne. Meneja wetu Njagi alisitasita. Nikamwambia hata mgeni akipewa uji usio na sukari husema ni mtamu.

Ghala jipya limekamilika. Mlinzi wetu, Nyamu, amepewa chumba ubavuni mwake, ukuta ni mmoja. Siku hizi anatembea kama chifu.

Ni mimi baba yako,
Kailemia

Embu, 6 Agosti 2025

Kwa baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na mama pia. Mwambie anywe tangawizi na asiende shambani na umande. Mimi ni mzima na ninakula. Wambura ninayeishi naye anapika githeri, mahindi na maharagwe kila siku, mpaka nimeanza kuiota.

Umenichekesha na uji wako. Lakini baba, waambie wabonyeze tu pale wanaposaidika kweli. Nimeupanga utafutaji hivi: karatasi inayosifiwa inapanda juu, isiyosifiwa inazama. Mkisifu kila kitu, itarudi ile ile hata kama iko iliyo bora kuliko hiyo.

Sikugombezi. Wakubwa wamefurahi, wanasema Kianjai mnaongoza kwa kuridhika, na huenda wakaniajiri kabisa mwezi ujao. Mungu akitusaidia.

Binti yako,
Kendi

Kianjai, 20 Agosti 2025

Kwa Kendi wangu,

Natumaini u mzima. Mama yako amepona, amerudi kugombana na kuku.

Mahindi mapya yaliingia na wadudu wake, ikabidi tuweke vile vidonge vinavyotoa hewa ya sumu. Kwanza niliuliza mashine yako, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Ikajibu: funga milango, weka alama, mlinzi alale karibu. Tukafanya hivyo. Asubuhi tukamkuta Nyamu ametapika na kichwa kinampasuka. Nikauliza tena, yakaja maelezo yale yale. Wengine wanasema ni nyama aliyokula sokoni, lakini yeye amekataa kabisa kurudi katika chumba kile.

Njagi akasema mbele ya watu wote, "Mzee Kailemia, hiyo kitu ya msichana wako itatumaliza."

Niliumia, Kendi. Wewe nimekusomesha mimi. Nimewajibu kwamba kesho nitalala mimi mwenyewe chumbani kwa Nyamu, waone kama binti yangu hutoa maelezo ya uongo. Usiwe na wasiwasi. Nitabeba blanketi zito na kufunga dirisha, baridi ya mwezi huu haina adabu.

Baba yako anayekutetea,
Kailemia

Embu, 22 Agosti 2025

Baba,

Nisamehe nisipoanza na salamu. Nilikuwa Kanja nikiwafundisha maafisa wa shambani, na huko mtandao ni shida. Barua yako nimeisoma kwenye simu sasa hivi.

Usilale katika chumba kile. Kama ulilala, toka nje, kaa penye hewa, wakupeleke hospitali hata kama unajisikia vizuri. Maelezo mliyopewa ni ya ghala la zamani, lile lililojengwa peke yake. Ya ghala jipya yapo. Yanasema mtu yeyote asilale chumba kinachopakana nalo, kwa sababu hewa ile hupita ukutani. Nimeyapata chini kabisa, hakuna aliyeyabonyeza. Ya zamani yako juu kwa kubonyeza kwenu, na kanuni ya kuyapandisha niliiweka mimi.

Nimeyaondoa. Ukiuliza sasa utapata yaliyo sahihi.

Simu yako inaita tu. Ya Njagi imezimwa. Baba, sihitaji kutetewa. Waache waseme nilikosea, kwa sababu nilikosea. Ninachotaka ni unijibu, hata neno moja.

Binti yako,
Kendi

Kianjai, 22 Agosti 2025

Kendi,

Huyu ni Mukiri. Simu ya baba iko na mimi, niliichukua asubuhi chumbani kwa Nyamu. Nimeona ulichoandika, na mama sijamsomea.

Njoo nyumbani leo. Usisafiri peke yako, mwambie Wambura akusindikize mpaka mlangoni. Ukifika Meru nipigie, nitakuja kukuchukua pamoja na pasta. Mama anauliza kama umekula.

Kaka yako,
Mukiri