Hatua Arobaini na Mbili za Mzee Edeku

Sikuda,
10 Agosti 1964

Ndugu yangu mpendwa Oluka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Norah. Sisi hapa ni wazima, ila mtoto wetu wa mwisho alisumbuliwa na homa juma lililopita; sasa amepona na anakula hata kisichokuwa chake. Na ninyi huko Tororo hamjambo? Kazi ya kiwandani haijakuchosha? Na mzee wetu Edeku, baba yako, anaendeleaje? Uliniandikia kwamba kila asubuhi bado anazunguka uani akihesabu hatua, nawe humshika mkono ukamrudisha ndani, kwa sababu majirani wanacheka. Habari hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kuku aliyenitumia mzee alifika. Okochi, mchukuzi wetu wa barua, alimfunga nyuma ya baiskeli, akamfikisha mzima ingawa amekasirika sana. Okochi akanieleza kwamba mzee alimchagua kuku huyo kwa mkono wake, akasema huyu ni wangu mimi, Matayo. Alikuwa amesomewa na mkeo pale Bwana anapoagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Basi mzee akakumbuka kwamba aliwahi kunisingizia kuwa nimekula sehemu ya shamba lake, akataka nimsamehe kabla hajafa. Okochi alikuwa na haraka, akaniuliza apeleke jibu gani. Nikamwambia apeleke kwamba nimemsamehe.

Tangu siku hiyo mimi si mtu. Kuku yuko nyuma ya jiko, kamba mguuni, na anataga. Norah anauliza atachinjwa lini, nami namjibu bado, bado, mpaka amechoka kuuliza. Mayai nimekataza yasiguswe.

Unajua kwamba niliokoka Pasaka. Elphas, yule ndugu wa upande wa Kenya, huvuka kila Jumapili kuja kutufundisha, na Jumapili iliyopita alitusomea habari za Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya. Desturi yetu sisi tuliookoka unaifahamu: mtu husimama mbele ya ndugu, akaitaja dhambi yake kwa jina, kisha akarudisha alichochukua. Ogwang alirudisha jembe alilokaa nalo miaka minane, limelika hata limebaki kama kijiko. Tuliimba, watu wakalia. Nikasimama na mimi, nikafungua kinywa, nikatubu pombe ya wimbi. Oluka, pombe yangu hata mbuzi wa Sikuda wanaijua! Walinikumbatia wote, nami nikaketi nikiwa mchafu kuliko nilivyosimama.

Nikarudi kwenye Biblia nitafute njia, nikapotea zaidi. Mahali pamoja nasoma kwamba neno la kosa limalizwe kati ya watu wawili peke yao. Nikifungua kwingine, naambiwa anayeficha dhambi zake hatafanikiwa. Kwingine tena, upendo unafunika dhambi nyingi, nami nikafurahi siku nzima, mpaka Elphas aliponieleza kwamba hapo panasemwa juu ya kufunika dhambi za mwenzako, si zako mwenyewe. Kila mstari ni wa kweli, na kila mmoja unanishika mkono ukanivuta upande wake. Nilimuuliza Elphas kama ni dhambi kumsamehe mtu ambaye hakukukosea. Alinitazama sana, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Oluka, kama unasoma umesimama, keti.

Unaikumbuka siku wazee walipokuja kuamua neno la mpaka wetu. Mzee alisema kwamba tangu ujana wake, kutoka kichuguu hadi mikonge ya mpaka ni hatua arobaini na mbili, na sasa anapata thelathini na sita. Wazee wakasema mikonge haitembei, na kwetu hakuna mtu anayethubutu kung'oa mkonge uliopandwa mbele ya mashahidi. Nikasema kwa mzaha kwamba labda mzee amesahau kuhesabu. Watu wote wakacheka, na wewe ukacheka, ukiwa umeinamisha kichwa. Lakini mtu akizeeka hatua zake hufupika. Kama ingekuwa ni uzee, angepata nyingi zaidi, si chache. Nililiona jambo hilo palepale, nikanyamaza.

Mikonge niliihamisha mimi. Masika yale mzee alipolazwa hospitali mwezi mzima, nawe ukiwa kando ya kitanda chake, niliichimbua mmoja mmoja pamoja na udongo wake, nikaipanda hatua sita ndani ya shamba lenu, na mvua ikafuta mashimo. Hatua sita tu, mistari michache ya muhogo. Kwa muhogo huo nimemfanya baba yako aonekane mwehu, na ni mimi niliyekushauri umchukue ukae naye Tororo, nikasema ni kwa huruma. Naona aibu, Oluka. Naona aibu hata mbele ya kuku.

Sasa sielewi nifanye nini kwanza. Nisimame mbele ya ndugu Jumapili, au nije kwanza kwa mzee? Nikirudisha mara nne kama Zakayo, jiko la Norah litakuwa kwenu, na kaburi la mama yangu pia. Nikirudisha hatua sita peke yake, je, miaka aliyoonekana mwehu nitamrudishia na nini? Norah bado hajui. Mikonge sijaigusa, nataka mzee aje aihesabu mwenyewe, wazee walewale wakiwapo, nami nikiwa nimesimama pale kwenye kichuguu.

Kuku anarudi kwenu na Okochi, pamoja na mayai yake kumi na moja. Nisalimie mkeo na watoto wote mmoja mmoja. Jibu lolote utakaloniletea, hata la matusi, nitalipokea.

Ila naomba jambo moja. Kesho asubuhi mzee atakapoanza kuhesabu, usimshike mkono kumrudisha ndani. Mwambie ni arobaini na mbili.

Ni mimi, sijui kama bado niseme ndugu yako,
Matayo Etyang