Meja Aliyejiandikia Barua

Jumatatu, 8 Julai 1974

Asubuhi barua mbili. Ya kwanza kutoka kwa Mkurugenzi wa idara yetu kwenda kwa mwenye duka la samani: viti arobaini vimechelewa, eleza sababu. Ya pili, jibu la mwenye duka: mbao hazipatikani, Mkurugenzi awe na subira. Nimezipiga taipu kwa mashine ileile. Zote mbili amesaini Meja. Mkurugenzi ni yeye, na duka ni lake, aligawiwa na serikali baada ya Wahindi kufukuzwa nchini.

Jibu limemuudhi. "Huyu mtu hana adabu," akasema. Nilijiuma ulimi hadi saa ya chai.

Jumatano, 10 Julai

Wizara inataka kanuni za kuzuia afisa kufanya biashara na ofisi yake mwenyewe. Kazi amepewa Bwana Okello, karani mkuu, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Amekusanya taratibu za nchi za watu. Tanzania, kiongozi hana ruhusa ya kuwa na biashara kama hiyo. India, anaomba kibali kwa maandishi. Uingereza, anatamka wazi kwamba jambo linamhusu, kisha anatoka chumbani wenzake waamue.

Naogopa. Mtu mwenye bastola mezani, kama Meja, hasomewi habari za Tanzania. Bwana Okello anasema kazi ni kazi. Nampenda kama kaka, lakini ni mpumbavu.

Ijumaa, 12 Julai

Meja ameisoma rasimu ya Bwana Okello! Tanzania ameikata kwa wino mwekundu. India: "Naomba kibali. Nani anatoa? Mimi. Sawa." Uingereza imempendeza sana. Ya kiaskari, anasema, ina kutoka na kuingia. Jumatatu tutaijaribu kwa viti vyenyewe. Vimefika leo, rangi haijakauka.

Kwenye swala ya Ijumaa, msikitini Kibuli, nimeomba nipate homa.

Jumatatu, 15 Julai

Sikupata homa.

Wajumbe watano, Meja akiwemo. Mimi mwandishi wa kikao. Meja akasimama. "Duka ni yangu. Mimi natoka inje. Nyinyi ongea bila kuogopa."

Akatoka, akabaki pale pale. Buti zake tuliziona chini ya mlango.

Mhasibu wetu akaanza kuvisifu viti kwa sauti kubwa, ameuelekea mlango. Akaegemea nyuma kuonyesha uimara. Kiti kikamvunjikia. Chali, miguu juu.

"Nani ameanguka?" Meja, kutoka nje.

"Hakuna, Afande!" Mhasibu, kutoka sakafuni.

Hapo Bwana Okello akasema, "Viti hivi ni vibovu. Napendekeza vikataliwe." Sijui nini kilimpanda. Labda kicheko, maana sote tulikuwa tumeziba midomo. Mikono minne ikanyooka. Wa mhasibu ulitokea chini ya meza.

Meja akaingia. "Nyinyi mmesema nini?" Akaninyooshea kidole. "Mama Aisha, soma."

Nikasoma. Meja akavaa kofia, akaondoka.

Jumanne, 16 Julai

Bwana Okello hayupo. Ameacha kijikaratasi: yuko Namuwongo kwa dada yake, nisimwambie mtu. Nimekichoma. Watu wanachukuliwa, hawarudi, kwa makosa madogo kuliko haya.

Alhamisi, 18 Julai

Meja ameniita. Nilimuaga mhasibu, nikamwachia ufunguo wa nyumba.

Barua mbili tena. Ya Mkurugenzi aliitamka amesimama, kifua mbele: viti vimekataliwa kwa mujibu wa kanuni, mwenye duka avichukue upesi. Kisha akazunguka meza, akakaa kiti cha wageni, akatamka jibu: mwenye duka amesikitika sana, hatafanya tena biashara na ofisi ya namna hii.

Akasaini zote mbili. Akaniinamia. "Yule Mkurugenzi ni mukali," akasema taratibu. Kama anamwogopa.

Nimecheka chooni mpaka nikalia. Au nimelia mpaka nikacheka.

Jumatatu, 29 Julai

Meja amehamishiwa mpakani. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Bwana Okello amerudi. Amekonda, ana ndevu, koti limejaa mikunjo. Nimemmiminia chai. Akafunga mlango, akaninong'oneza: siku zote hizi, akina nani wamekuja kumtafuta?

Nikamwambia ukweli. Hakuna mtu.

Alikoroga chai muda mrefu. Nadhani imemuuma kidogo kutotafutwa.