Wasifu wa Mzee Elieza

Same, Jumatano.

Eti aliteleza. Ndivyo bosi anavyotaka niseme kesho huko Vudee, nitakapousoma wasifu wa Mzee Elieza msibani. Hataki ofisi itajwe.

Lakini sote tuliokuwa kiwanja cha ndege tuliona. Landrova ya ofisi haina betri, tukaisukuma ipande mwinuko ili iwake ikiteremka, ikampokee mgeni kutoka mkoani. Ikatushinda, ikarudi nyuma. Mzee alikuwa nyuma yake, uso juu, akitutajia aina ya ndege kwa kusikia mlio tu. Miaka yote alifukuza mbuzi wa watu kiwanjani pale bila malipo, ndege zisije zikapata ajali. Kupanda hakuwahi. Akauawa na gari lisiloweza hata kuwaka.

Mgeni alitoa pole, kisha akaulizia chakula.

Jioni nilimpitia mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pale pa kifo usipapite haraka. Mzee wako alipenda mambo ya ndege yaelezwe sawasawa."

Na kwetu wasifu usiosema mtu amekufaje haupokelewi. Wazee watasimama waulize. Bosi naye atakaa mbele. Sijathibitishwa kazini, na wadogo zangu wanasoma kwa mshahara huu.

Nimejaribu yote mawili kwa sauti. "Aliteleza" limetoka laini, kama la mtangazaji wa redio. "Aligongwa na gari tulilokuwa tukilisukuma" limetoka likitetemeka.

Nitasoma hilo la kutetemeka. Msibani watadhani ni majonzi.