Wewe Vidole, Mimi Miguu

Kaka Elija,

Ni Jumamosi saa kumi na moja jioni, na nimetoka kanisani sasa hivi. Mama ananiita nikachote maji kabla foleni ya bombani haijafika barabarani, nami nimejifanya sisikii, kwa sababu nina jambo la kukuambia na nikilala nalo najua asubuhi nitaona haya kuliandika. Mwalimu mzima naandikia mtu tuliyemzika miezi kumi iliyopita. Ungecheka. Cheka tu, ila nisikilize.

Kwanza habari za nyumbani, usije ukasema nimeanza na yangu. Cherehani yako iko pale pale dirishani, ile ya kuzungusha kwa mkono, na Mama kaifunika kile kitambaa cha bluu kilichobaki ulipokuwa unashona sare za watoto. Hataki iguswe. Mimi niliigusa mara moja tu, kwa ajili ya yule mchinjaji wako wa soko la Burma, mwenye tumbo. Ulimwachia aproni ambayo haijaisha, yenye mfuko mmoja. Nilimshonea wa pili, ukaenda upande, nikampelekea huku nimejiandaa kuomba radhi. Aliivaa, akautazama ule mfuko, akasema, "Wacha tu, dada. Elija angenicheka wiki nzima." Kisha akageuka akaanza kukata nyama ambayo hakuna mtu aliyeiagiza.

Baba bado yuko reli, bado zamu ya usiku, bado anasinzia popote anapokaa. Isipokuwa kanisani. Tangu uondoke hasinzii kanisani hata kidogo. Anakaa macho wazi, akitazama kinanda.

Na ni habari za kinanda hicho nilizotaka kukuambia.

Unakumbuka nilivyorudi Shauri Moyo baada ya kumaliza sekondari? Sanduku, blanketi, na uso wa mtu aliyefiwa. Mama alidhani nimeanguka mtihani. Kumbe nilikuwa nalilia kwaya. Kule shuleni sikuwa hata mwimbaji wa maana. Sauti yangu, kwa maneno yako mwenyewe, ilikuwa ya kufukuzia kuku. Kazi yangu ilikuwa kugawa karatasi za nyimbo na kufungua madirisha. Lakini nilikuwa mle ndani, Kaka, katikati ya sauti zote zile, na nilidhani mtu akimaliza shule anaurudisha muziki pamoja na vitabu.

Wewe ndiye uliyenitoa hapo, na hukunitoa kwa maneno matamu. Ulikuwa umepiga kinanda cha kanisa miaka mingi, na mguu wako wa kushoto, uliodhoofika tangu utotoni, haukuweza kukanyaga zile pedali za chini zinazokiingizia hewa. Kwa hiyo Baba alikaa kando yako kwenye benchi akakukanyagia. Baba! Ametoka zamu alfajiri, amekunywa chai, amefunga tai. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu miguu inakuwa mizito, hewa inakwisha, kinanda kinalia kama mbuzi kisha kinanyamaza, waumini wanaendelea peke yao, na mchungaji anatazama mabati ya paa. Jumapili moja ulirudi nyumbani umekasirika hata mkongojo wako ukagonga mlango. "Rispa," ukasema, "huyu mzee ataniaibisha mpaka lini? Vidole kumi ninavyo. Wewe nipe miguu."

Wenzangu walipomaliza shule waliulizwa wanataka kuwa nani. Mimi niliombwa miguu. Nilicheka, nikaja, nikakaa kushoto kwako, na sikuondoka pale kwa miaka mitatu.

Hatukuweza kuongea katikati ya ibada, kwa hiyo ulinisemesha kwa kiwiko. Ukinigusa mbavu mara moja, niongeze. Mara mbili, nipunguze. Na ukinikandamiza bila kuondoa kiwiko, nisubiri, niache hewa ikae, watu wavute pumzi. Hiyo ya tatu uliipenda mno. Mwisho wa mstari wa tatu, kila wimbo, kiwiko kinakaa mbavuni mwangu, na mbele yetu mabega ya Mama Peresi na wenzake wa sauti ya pili yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Hakuna aliyejua kwamba tunafanya hivyo. Nadhani hata sisi wenyewe hatukujua vizuri. Kila Jumatatu ubavu uliniuma nikiwa mbele ya ubao, na nilijiona mwanamuziki.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Mwezi wa sita, kikohozi kilipoanza, uliniomba nibaki baada ya ibada. "Jifunze na vidole," ukasema. "Siku moja sitakuwapo." Nikakujibu vibaya. Nilisema vidole vyangu ni vya chaki, na kama umechoka na kinanda useme umechoka, usinibebeshe mimi kazi yako. Nikatoka, nikakuacha ushuke ngazi za kanisa peke yako na mkongojo. Nisamehe, Kaka. Niliona nikijifunza nitakuwa nimekubali. Nilidhani nikikataa itabidi ubaki.

Hukubaki. Julai ile ya baridi kifua kikakubana, na pale wodini nilikuwa nimekushika mkono nikikuangalia unavyoitafuta pumzi. Miaka mitatu nilikanyaga na hewa ikaja. Siku ile sikuwa na pa kukanyaga.

Nimekwenda kuchota maji. Nimerudi. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na Mama hajanisemesha.

Mpiga kinanda mpya anaitwa Bwana Habili, karani wa ofisi moja huko mjini, mtu mwembamba, mpole, mwenye miguu miwili mizima. Jumapili yake ya kwanza niliingia kanisani nikaenda moja kwa moja kwenye benchi, nikakaa kushoto, nikavua viatu, nikaanza kukanyaga. Sikuwaza. Miguu ilikwenda yenyewe. Naye alikuwa amekwisha kuanza kukanyaga. Kinanda kikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka sokoni Gikomba, na mimi hapo nimesimamisha nyayo zangu juu ya viatu vya mwanamume nisiyemjua, mbele ya kanisa zima. Akaniambia polepole, "Asante, dada, nitajikanyagia." Hakusema kwa ubaya. Nilibeba viatu mkononi nikaenda kukaa kwa akina mama. Mama Peresi alinipa leso yake.

Nilijaribu njia nyingine, usidhani nilikaa tu. Mama Peresi aliniingiza kwenye sauti ya pili. Baada ya mazoezi mawili akanihamishia nyuma, karibu na mlango, akasema huko kuna upepo mzuri. Vijana wa gitaa wanaopiga dansi kwenye ukumbi wa mtaa walitaka msichana aliyesoma wa kukata tikiti mlangoni, lakini Baba aliposikia neno dansi alivaa kofia akatoka nje, na mazungumzo yakaishia hapo. Shuleni ninakofundisha walinipa watoto wa darasa la pili niwafundishe kuimba. Hao niliwapenda, na bado ninao. Ila nikitoka darasani mikono ina chaki na miguu haina kazi, na Jumapili nilikuwa nakaa benchi la tatu nikikanyaga sakafu kimyakimya. Nilianza kujiambia kwamba basi, sasa shule imekwisha kweli.

Kumbe Bwana Habili naye alikuwa na shida yake. Anapiga kila noti sawasawa, hata wewe anakuzidi, usikasirike. Lakini watu walianza kunung'unika kwamba nyimbo zinawakimbiza. Mama Peresi alimwambia usoni, "Mwanangu, unatuimbisha kama tunafukuza gari moshi." Hakujua kosa liko wapi. Alipunguza mwendo, ikawa mbaya zaidi, tukawa tunaimba kama watu wanaolala. Mwezi wa tatu alinifuata nje ya kanisa, kofia mkononi, akaniuliza marehemu kaka yangu alikuwa akifanya nini mwisho wa mstari wa tatu.

Elija, nilishindwa kumweleza. Nikamwambia turudi ndani. Mama Peresi akatufuata, maana yeye hapitwi na jambo. Nikakaa kushoto, nikavua viatu, nikamwambia Habili anyanyue miguu yake na apige ule wimbo wa jioni ulioupenda. Tulipofika pale, nikaacha hewa ikae. Vidole vyake vikasubiri. Tukaendelea mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa miguu."

Nikalia pale pale. Sikuona haya hata kidogo.

Tangu siku hiyo tuna mapatano. Kila Jumamosi, Mama Peresi akiwa benchi la mbele na sufu yake ya kufuma ili watu wakose la kusema, mimi namfundisha Habili mahali pa kusubiri. Na wewe usianze kuniuliza maswali. Ana mke na watoto watatu. Naye ananifundisha vidole. Ndiyo, Kaka. Hivi hivi vya chaki. Vya mkono wa kulia vinasikia. Vya kushoto ni vikaidi kama wewe. Na kwa kuwa bado siwezi kubonyeza na kukanyaga kwa pamoja, Habili anakaa upande wangu ule wa zamani, anakanyaga, na mimi nimekaa pako.

Siku ya kwanza kukaa pako niliogopa. Mbao za benchi zimeliwa kidogo pale ulipokuwa unaegemeza mkongojo, nikaweka mkono hapo mpaka moyo ukatulia. Nilitegemea ningejisikia mwizi. Sikujisikia mwizi. Nilijisikia nimechelewa.

Leo nimepiga wimbo mzima bila kusimama. Polepole, na makosa mawili ambayo Mama Peresi ameyasikia yote. Mstari wa tatu ulipokuwa unakwisha, Habili akaguna. "Nimekosea nini?" akauliza. Nikatazama. Kiwiko changu kilikuwa mbavuni mwake, kimekandamiza, na wala sikukituma mimi. Nikamwambia hajakosea kitu. Asubiri tu, awaache wavute pumzi. Akasubiri. Kwenye benchi la mbele Mama Peresi aliacha kufuma, na nikaona mabega yake yanapanda.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Nimepanda milima ya maneno yote haya ili nifike kwenye kiwiko.

Julai tutakukumbuka kanisani. Habili ameniachia wimbo wa tatu siku hiyo, na amesema atakaa na waumini, hatakanyaga yeye. Nimemwomba Baba anikanyagie. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Mimi huyu? Mimi niliyemwaibisha?" Nikamwambia miguu ni ileile. Akakinyanyua tena kikombe, akamaliza chai. Lakini kesho yake nilisikia kwa Mama kwamba ameomba abadilishiwe zamu wiki ile yote, na tangu hapo tukila ugali meza inatikisika, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka Mama anashika sufuria. Baba anadhani hatuoni.

Nakuahidi nitaupiga wimbo huo mpaka mwisho. Na ukiisha nitajifunza mwingine, na mwingine, mpaka siku nitakayoweza kukanyaga na kubonyeza peke yangu. Ulichoniomba mwezi ule wa sita nimekikubali. Nimechelewa, lakini nimekikubali.

Pumzika sasa, Kaka. Na usiwe na wasiwasi na Baba. Akisinzia, kiwiko ninacho.

Dada yako, miguu yako,

Rispa