Sekunde Sitini Ulizoficha

Mzee Mutiso,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hali haibadiliki. Mimi ni mzima, ila nimekukasirikia kiasi kwamba Jumapili nilishindwa kukuombea. Padre alipofika kwenye majina ya marehemu, nilifunga mdomo. Mungu anisamehe. Wewe ukitaka, usinisamehe.

Miezi mitatu imepita tangu tukuzike Muthetheni. Wiki ya pili tu baada ya mazishi, boila ya kiwanda ilizimika ghafla katikati ya kazi, maembe yakiwa yameshasagwa na matangi yote yamejaa. Pampu ilikuwa imeziba kwa uchafu na maji ndani ya boila yalikuwa karibu kwisha. Swichi ya usalama ndiyo iliyokata moto. Isingekuwa hiyo swichi, Kyalo anayeendesha boila angeokotwa vipande vipande, na leo ningekuwa naandika barua mbili.

Bila mvuke wa kuichemsha, juisi yote ikaharibika. Meneja akasema Kyalo alikuwa amelala kazini, akamsimamisha siku hiyo hiyo, aende kwao Ekalakala angoje kikao cha kumfuta. Baba wa watoto wanne! Alinipigia simu akilia. "Madam, mimi sikulala. Niliangalia hiyo skrini na macho yangu, ilikuwa inasema maji iko nusu. Sasa mimi ningejuaje?"

Nilimwamini. Kile kioo cha kuonyesha maji kiko nyuma ya boila, na yeye alikuwa mbele ya skrini, pale pale alipoambiwa akae. Basi nikaanza kutafuta kosa kwa njia uliyonifundisha wewe. Nitakueleza hatua kwa hatua, ili uchungu nilioupata na wewe uupate.

Nilifungulia maji kidogo yatoke chini ya boila. Kwenye kioo yalishuka mara moja. Kwenye skrini, nusu. Bado nusu. Namba ikajikokota ikishuka polepole, na dakika nzima ikapita kabla haijakubaliana na kioo. Nikakitenga kipimo cha maji, kile kinachotuma ishara kwenye skrini, na waya wake mrefu, nikapima ishara yake ya umeme peke yake. Ilishuka sawasawa na maji, kwa hiyo kipimo kilikuwa kizima. Nikaurudisha waya, nikaenda kupima upande wa pili, kwenye paneli. Hapo mita ikaanza kurukaruka: tisa, kumi na tatu, kumi, kumi na tano. Nikazima pampu, ikatulia. Nikawasha pampu, ikaruka tena.

Unajua kwa nini. Waya mwembamba wa ishara umelazwa bega kwa bega na waya mnene wa pampu, tangu walipoleta ile mashine mpya ya kubadilisha mwendo wa mota. Vurugu ya umeme wa pampu inaingia kwenye ishara. Ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona.

Lakini kama ishara inaruka hivyo, skrini imetuliaje? Nikafungua programu inayoendesha boila. Mtu alikuwa ameiagiza isionyeshe maji yalivyo sasa, ionyeshe wastani wa sekunde sitini zilizopita. Na programu ile hukumbuka kila aliyeigusa. Jina lilikuwa lako, Mzee, na tarehe ilikuwa ya siku ile ya makofi.

Nilikuwepo. Namba zilikuwa zimeruka wiki nzima katika msimu wa maembe, na meneja alikuwa akifoka kwamba hasimamishi kazi hata asubuhi moja. Ukatuambia sote twende tukale. Tuliporudi, namba zilikuwa zimetulia tuli. Walikupigia makofi kantini, na mimi nilipiga kuliko wote. Nikakuuliza shida ilikuwa nini. Ukamega chapati yangu, ukanitazama machoni, ukasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, ni waya tu ilikuwa imelegea."

Wewe! Wewe uliyekuwa ukituimbia kila Jumatatu kwamba homa haitibiwi kwa kuficha kipimajoto. Wewe uliyenichukua mafundi wengine waliposema msichana ataogopa ngazi. Ulinifundisha kuandika nyuma ya mlango wa paneli kila kitu nilichobadilisha. Nimeusoma mlango huo kutoka juu hadi chini. Umeandika hata siku uliyobadilisha skrubu moja. Hili hukuandika.

Najua ulijiambia ni kwa muda tu, msimu ukiisha utarudi kuurekebisha waya. Msimu ukaisha, makofi yakabaki, na kurudi kungekuwa kukiri. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu kukuzidi wewe, ikaja kumkuta Kyalo.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Ningeweza kutengeneza waya kimyakimya, jina lako libaki safi, na Kyalo afutwe. Nililifikiria jambo hilo, tena sana. Nilielewa kabisa ulivyofanya siku ile tulipokuwa tunakula, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Siku ya nne niliingia kikaoni nikasema kila kitu. Kyalo alikuwa ameketi na kofia magotini, haamini masikio yake. Meneja akashusha pumzi. "Aa, kumbe ni marehemu." Nikamwambia si marehemu peke yake. Nani alikataa tusimamishe kazi asubuhi moja tu? Hilo hawakuliandika kwenye ripoti. Mtu aliyekufa ni rahisi kumwandika.

Kyalo amerudi kazini. Picha yako imeshushwa kwenye ukuta wa karakana. Mama Ndinda alikuja kuichukua mwenyewe, akaifunga kwa leso. Alinipita kama hanijui, halafu akageuka: "Mwende, si ungengoja hata mwaka iishe?" Miaka minane nimekula mezani kwa mke wako.

Waya mpya tumeuvuta mimi na Kyalo, tukaupitisha kwenye bomba lake, mbali na ule wa pampu. Tulianza saa mbili asubuhi, na saa tano tulikuwa tunakunywa chai. Kazi ya muda wa saa tatu, Mzee! Saa tatu tu! Ungenipigia simu Jumapili yoyote kiwanda kikiwa kimefungwa, ningekuja na nguo za kanisani. Nisingemwambia mtu.

Sasa nakuaga, maana mkono umechoka na hasira haijachoka. Kazi hii ni wewe uliyenifundisha, na nitasema hivyo popote nitakapoulizwa. Nakuahidi kwamba siku nikibandika kitu kwa muda, nitatamka mbele ya watu kwamba ni kwa muda, hata wakinizomea.

Na kuna jambo moja zaidi. Kyalo ameniomba nimpeleke Muthetheni Jumamosi. Anasema, "Niko na maneno na huyo mzee." Nitamfikisha hadi kaburini. Nitasimama kando, nitamwacha aseme yote aliyo nayo, na sitakutetea.

Mwende